Kusikiliza Myuoni Kandokando ya Ziwa: Shajara ya Safari ya Mwanza, Ukerewe na Geita

Jumamosi, Mwanza

Safari hii ina kusudi moja. Tunazunguka kandokando ya Ziwa Victoria na kigunduzi kidogo cha chembe zitokazo angani, hasa zile ziitwazo myuoni, tukisimamishe juu ya miamba, tukizamishe majini, kisha tukishushe ardhini, ili wanafunzi wa fizikia waone kwa macho yao kazi ambayo watafiti wa Uswisi, Marekani na Japani huifanya kabla ya kuthubutu kutamka kwamba wameona kitu kipya. Kazi hiyo ni kukihesabu kile kinachojulikana. Habari za fizikia mpya zikifika huku kwetu huja na vichwa vikubwa vya ugunduzi, lakini sehemu kubwa ya utafutaji wenyewe ni kuchuja kelele kwa subira, chanzo kimoja baada ya kingine, mpaka kilichobaki kisiwe na mwenyewe.

Kigunduzi chetu ni vipande viwili vya plastiki maalumu, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 5 kwa 5, vilivyozungushiwa utepe mweusi hadi mwanga usipate pa kupenya. Chembe yenye chaji ya umeme ikipita ndani ya plastiki hiyo, hutokea mmweko hafifu mno ambao jicho la mtu haliwezi kuuona. Kihisi kilichobandikwa pembeni huugeuza mmweko kuwa mshtuko wa umeme, na spika ndogo hutoa mlio mfupi mkavu, kama ukucha unaogonga bati.

Tulianzia kwenye mawe ya Capri Point, kwa kuwa miamba ya Mwanza nayo ina neno katika hesabu hii. Granaiti hubeba kiasi kidogo cha urani, thoriamu na potasiamu, na madini hayo hutoa mionzi usiku na mchana bila kumdhuru apitaye. Kipande kimoja cha plastiki kilipowekwa juu ya jiwe kililia mfululizo. Kilipopelekwa mwisho wa gati la mbao lililoingia majini, mlio ukapungua, kwa sababu maji yaliyo chini ya gati huizuia mionzi ya mwamba na yenyewe yana mionzi kidogo sana. Binti wa kidato cha sita tuliyefuatana naye aliinamia kifaa, akasikiliza, kisha akauliza, “Mwalimu, sasa tutajuaje upi ni mlio wa jiwe na upi ni wa angani?”

Swali hilo limewasumbua watu wazima wenye maabara zao. Saketi ya kulijibu ilitengenezwa na Mwitaliano Bruno Rossi mwaka 1930: weka vigunduzi viwili, kimoja juu ya kingine, na uhesabu pale tu vinapolia kwa pamoja. Mionzi ya mwamba kwa kawaida huishia katika kipande kimoja, ilhali chembe itokayo juu ikiwa na nguvu nyingi huvipenya vyote viwili kwa mpigo. Tulipobadili swichi na kuhesabu milio ya pamoja peke yake, tofauti kati ya jiweni na gatini ikatoweka. Sehemu zote mbili mlio ulikuja kila baada ya sekunde kadhaa, na kwa kuwa anga la Capri Point ni lilelile la gatini, hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa.

Tulichokuwa tunakisikia ni myuoni. Protoni kutoka mbali angani huigonga hewa ya juu, chembe za kupita huzaliwa na kuoza, na myuoni hutokea katika kimo cha kilomita 15 hivi. Myuoni ina tabia za elektroni, ila uzito wake ni takriban mara 207, na huishi wastani wa sehemu 2.2 za milioni za sekunde. Kwa umri huo, hata ikienda karibu na kasi ya mwanga, ingepaswa kuishia njiani baada ya mita 660 hivi. Hata hivyo hufika kwa wingi hadi ufukweni Mwanza, kwa sababu muda wa kitu kiendacho kasi hivyo hurefuka kama Einstein alivyoeleza. Mimi husimama kidogo kila ninapolifundisha jambo hili. Hapa nadharia ya uhusianifu inasikika kwa sikio, katika kifaa kinachoingia mfukoni.

Myuoni yenyewe ilikuwa fizikia mpya wakati mmoja. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliitambua mwaka 1936 katika mionzi ya angani, na hakuna nadharia ya wakati huo iliyokuwa imeiandalia nafasi.

Jumapili, Nansio

Kivuko cha kwenda Ukerewe kilijaa abiria, magunia na pikipiki. Tulikaa sitaha ya juu na mazungumzo yakarudi kwenye myuoni, kwa kuwa nayo ilibeba tumaini kubwa la miaka ya karibuni. Kila myuoni ni sumaku ndogo, na nguvu ya sumaku hiyo huweza kukokotolewa kwa nadharia inayoitwa Modeli Sanifu, yaani maelezo yetu bora kuhusu chembe zote zinazojulikana. Kama ipo chembe isiyojulikana, nayo ingeigusa sumaku hiyo kidogo, na kipimo kingetofautiana na hesabu. Kwa ajili hiyo pete ya sumaku yenye kipenyo cha mita 14 hivi ilisafirishwa mwaka 2013 kutoka Brookhaven, jimboni New York, kwa bahari, mito na barabara hadi maabara ya Fermilab karibu na Chicago.

Aprili 2021 matokeo ya kwanza ya Fermilab yalitangazwa, na kipimo kikaonekana kuachana na hesabu. Dunia ya fizikia ilisisimka. Kipimo cha mwisho kilitoka Juni 2025, kikiwa na usahihi wa sehemu 127 katika bilioni, na hakikuyumba kutoka pale kilipokuwa. Kilichohama ni hesabu. Wananadharia walikuwa wamekokotoa upya sehemu ngumu kuliko zote, ile inayohusu kwaki, yaani chembe zinazounda protoni, kwa kompyuta kubwa, na jibu lao jipya likasogea hadi karibu na kipimo. Pengo likafungika. Bado njia ya zamani ya kukokotoa na hiyo mpya hazipatani zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo jambo halijaisha, ila hakuna anayeweza leo kusimama na kusema kwamba myuoni imefichua chembe mpya. Wapo waliohuzunika. Mimi nawastahi sana watu waliopima miaka yote hiyo bila kulilazimisha jibu liwe lile walilolitaka.

Jioni mwenyeji wetu alitupatia ugali wa muhogo na sato. Tukalala mapema.

Jumatatu, ziwani

Wiki hii ni ya mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa hawatoki, maana taa zao hazina kazi mbele ya mwezi. Hivyo tulipata mtumbwi wa injini na nahodha mwenye nafasi. Ni mzee wa makamo. Baada ya shikamoo na marahaba alitaka kujua kwanza kama kile tunachokizamisha kitaua samaki. Nilimwonyesha kwamba kifaa hakitoi chochote, kinapokea tu. Alikigeuza mikononi, akakirudisha na kusema, “Basi Mwalimu, tuwahi kabla upepo haujaamka.”

Jaribio la leo lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1911 Mwitaliano Domenico Pacini alizamisha chombo chake cha kupimia mionzi mita 3 chini ya maji ya bahari mbele ya mji wa Livorno, na akakuta mionzi imepungua kwa takriban asilimia 20. Wakati huo wengi waliamini kwamba mionzi yote hutoka ardhini. Pacini alihoji: ikiwa ndivyo, kwa nini ipungue chombo kinapofunikwa na maji kutoka juu? Mwaka uliofuata Victor Hess alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000 na kuikuta imeongezeka, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1936 ikamwendea Hess. Pacini alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Naona ni haki jina lake litajwe ziwani, kwa kuwa njia ya maji ilikuwa yake.

Tulipofika mbali na ufuko, kabla ya kuzamisha, jambo moja lilitushika kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Milio ya pamoja ilikuwa mingi mno, mara nyingi kuliko ya Capri Point, ikija kwa vishindo. Binti alifurahi, akaanza kuandika haraka. Nahodha alikuwa ametega sikio tu. “Kifaa chenu kinalia na injini yangu,” alisema, na akaizima. Milio ikarudi mara moja kwenye mwendo wa kawaida. Aliiwasha, vishindo vikarudi, akaizima, vikatulia. Cheche za plagi ya injini zilikuwa zinarusha mawimbi ya umeme ambayo nyaya zetu mbili ziliyapokea kwa wakati uleule, na saketi ikadhani chembe imepita.

Nilimsimulia binti yaliyotokea Ulaya mwaka 2011. Jaribio la OPERA lilipima nyutrino, chembe zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka maabara ya CERN, Uswisi, hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, na zikaonekana kufika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ambavyo ungefika. Watafiti hawakutangaza kwamba Einstein amekosea. Waliweka hesabu zao wazi na kuwaomba wenzao wazikague. Miezi michache baadaye ilibainika kwamba kebo moja ya nyuzimwanga haikuwa imekazwa vizuri. Nilimweleza binti kwamba mtu wa namna ya nahodha, anayeijua mashine yake hata akisikia kinachofanana nayo anakitambua, ndiye anayehitajika katika kila maabara. Nahodha alicheka, akasema basi tumwandike jina kwenye daftari. Tulimwandika.

Injini ikiwa imezimwa tulikitia kigunduzi ndani ya bomba la plastiki lililozibwa pande zote, tukalifunga jiwe la kulizamisha, na kuliachia kwa kamba yenye mafundo. Nahodha alihesabu kwa pima, kama wavuvi wafanyavyo: pima moja, pima mbili, hadi pima kumi, ambazo ni karibu mita 18. Kadi ya kumbukumbu ilirekodi kila mlio na saa yake, nasi tukaandika saa ya kila fundo lililopita ukingoni mwa mtumbwi. Tulipoisoma kadi mchana, milio ya pamoja ilikuwa imepungua hatua kwa hatua kadiri kamba ilivyoshuka, kama inavyotarajiwa: kila mita 5 za maji huipunguzia myuoni nishati ya karibu GeV 1 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), na zile dhaifu hufia njiani. Milio ya kipande kimoja peke yake ilikuwa imepungua vilevile, maana majini hakuna mwamba wa karibu. Maji yalizuia kelele za pande zote mbili, za juu na za chini.

Kwa sababu hiyo darubini za nyutrino hujengwa majini. Katika Ziwa Baikal, Urusi, kamba ndefu za vigunduzi hushushwa kupitia barafu ya majira ya baridi hadi kina kinachozidi mita 1,000. Karibu na Sicily, katika kina cha kilomita 3.5 hivi, vigunduzi vya KM3NeT vilinasa tarehe 13 Februari 2023 alama ya nyutrino iliyokadiriwa kuwa na nishati ya PeV 220 (PeV 1 ni GeV milioni moja), ambayo ni zaidi ya mara 30,000 ya nishati ya protoni moja katika LHC, mashine kubwa ya CERN ya kugonganisha chembe. Chanzo chake bado hakijajulikana. Ziwa letu halina kina cha kazi hiyo, maana pale lilipozama zaidi ni mita 80 tu. Lakini Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Kigoma asiulize siku moja kuhusu weupe wa maji yake, yaani jinsi mwanga unavyopenya ndani yake.

Jumanne, njiani

Tulirudi Mwanza kwa kivuko cha asubuhi, tukashika barabara ya kusini na kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Miaka yote ya nyuma hapa tulikuwa tukisubiri pantoni. Tulipita Sengerema mchana na kuingia Geita jua likizama, tumechoka.

Jumatano, Geita

Mzee mmoja mchimbaji mdogo alikubali tushushe kigunduzi katika duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lisilofanya kazi kwa sasa. Alitupa masharti mawili: hakuna mtu atakayeshuka, na tusikaribie mdomo bila kushika kamba. Kifaa kilishuka ndani ya ndoo ya winchi, kikikwaruza magogo yaliyoshikilia kuta, na nyaya zilitufikishia mlio huku juu.

Mdomoni mwa duara milio ya pamoja ilikuja kama kawaida. Ndoo ilipofika mita chache ilianza kuchelewa. Ilipotua chini, katika mita 30 hivi, kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba mzee alituuliza kama waya umekatika. Haukuwa umekatika: tulipogeuza swichi kusikiliza kipande kimoja, kelele ilikuwapo tele, kwa kuwa sasa mwamba ulikizunguka kifaa pande zote, na gesi ya radoni hupenda kutuama mashimoni. Juu yetu mvua ya myuoni ilikuwa imezuiwa karibu yote. Chini, mwamba uliendelea na mionzi yake. Nadhani hii ndiyo saa iliyokuwa na mafunzo mengi kuliko zote katika safari, kwa sababu duara lilituonyesha tatizo zima la watafutao maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu.

Galaksi huzunguka kwa namna ambayo uzito wa nyota na gesi zinazoonekana hauwezi kuieleza. Fritz Zwicky alilitambua jambo la jamii hiyo mwaka 1933 katika kundi la galaksi, na Vera Rubin pamoja na Kent Ford, walipopima mzunguko wa galaksi ya Andromeda na kuchapisha mwaka 1970, waliwafanya wengi walitazame upya. Leo inakadiriwa kwamba maada tunayoijua ni asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni, maada ya giza ni kama asilimia 27, na zinazobaki ni nishati ya giza, inayodhaniwa kuusukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi. Ikiwa maada hiyo ni chembe, basi zinatupita kila wakati, na kubwa linalotarajiwa ni kwamba mara chache sana moja itaisukuma kidogo atomu iliyo njiani. Kuisikia sauti ndogo hivyo juu ya ardhi haiwezekani.

Ndiyo maana historia hii imeandikwa migodini, tena katika migodi ya dhahabu. Mwaka 1965, katika mgodi wenye kina cha zaidi ya kilomita 3 karibu na Johannesburg, kundi la Frederick Reines na Friedel Sellschop lilinasa nyutrino za asili zilizozaliwa katika hewa ya dunia, na wachimbaji wa Afrika Kusini walikuwa sehemu ya kazi hiyo ya kila siku. Katika mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, Raymond Davis alijaza tangi kubwa kimiminika cha kusafishia nguo bila maji (dry cleaning) na kuhesabu nyutrino za jua kwa miongo, akipata kama theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Watu walishuku tangi, walishuku hesabu ya jua. Mwishowe ilithibitika katika maabara za Super-Kamiokande, Japani, mwaka 1998, na Sudbury, Kanada, miaka michache baadaye, kwamba nyutrino hubadilika aina zikiwa safarini, jambo linalozitaka ziwe na uzito ambao Modeli Sanifu haikuzipa. Hiyo ni fizikia mpya iliyopatikana kwa sababu mtu mmoja aliiamini hesabu yake ya kelele.

Katika mgodi huohuo wa Homestake, karibu kilomita 1.5 chini, leo kuna jaribio la LZ lenye tani 10 za zenoni ya kimiminika. Mwamba wa juu huzuia myuoni. Dhidi ya mionzi ya mwamba wenyewe, chombo kimezamishwa ndani ya tangi la maji, na kila bolti ilipimwa mionzi yake kabla ya kufungwa. Mwaka 2024 walitangaza matokeo ya siku 280: hakuna chembe ya giza iliyoonekana. Mzee alisikiliza yote haya, kisha akasema kwamba naye amewahi kuchimba duara refu lisilo na kitu, na faida yake ilikuwa kwamba majirani walijua upande huo hakuna mkondo wa dhahabu. Sikuwa na la kuongeza.

Alhamisi, shuleni Geita

Wanafunzi wa kidato cha nne walijaa darasani mpaka madirishani. Kijana mmoja wa nyuma aliuliza kwa nini watu waendelee ikiwa mashine kubwa haijaona chochote tangu chembe ya Higgs ya Julai 2012. Nilimjibu kwamba maswali hayajafutwa na ukimya wa mashine: maada ya giza ipo, nyutrino zina uzito, na hakuna ajuaye kwa nini ulimwengu umebaki na maada badala ya kuteketezana na kinyume chake. Nilimweleza pia kuhusu Desemba 2015, ambapo majaribio ya ATLAS na CMS katika mashine hiyo ya LHC yaliona mnundu katika chati zao kwenye GeV 750, kama alama ya chembe mpya, wananadharia wakaandika mamia ya makala, na kufikia Agosti 2016 data zaidi zikausawazisha mnundu wote. Bahati ya takwimu hutengeneza minundu, na ndiyo sababu ugunduzi hautangazwi mpaka uwezekano wa bahati tupu uwe chini ya mmoja katika milioni 3.

Dalili ninayoifuatilia kwa hamu sasa inatoka kwa jaribio la DESI huko Arizona, linalopima ramani ya mamilioni ya galaksi. Matokeo yake ya mwaka 2024 na 2025 yanaashiria kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika kadiri ulimwengu unavyozeeka, lakini uzito wa dalili hubadilika kutegemea data gani ya nyota zinazolipuka imeunganishwa nayo. Binti tuliyesafiri naye alinyanyuka bila kuombwa na kuwauliza wenzake, “Injini ya nani iko karibu na hapo?” Ikabidi awasimulie habari za nahodha.

Vigunduzi tumeviacha shuleni hapa. Kazi waliyoichagua wenyewe ni ile ambayo Rossi aliifanya Asmara mwaka 1933: kuviinamisha vipande viwili kuelekea magharibi, kisha mashariki, kwa pembe ileile, na kulinganisha hesabu. Karibu na ikweta usumaku wa dunia hukunja njia za chembe zitokazo angani, na kwa kuwa nyingi zina chaji chanya, magharibi hutoa zaidi kidogo. Rossi aliiona tofauti hiyo waziwazi katika mji ulio juu ya mita 2,000. Geita iko chini zaidi na vifaa vyetu ni vidogo, kwa hiyo itabidi wahesabu kwa miezi, wakibadilisha upande kila siku ili joto la paa la bati lisiegemee upande mmoja wa daftari. Kiranja wa maabara ameshachora jedwali, na safu ya kwanza ameiachia chanzo cha umeme: gridi au betri.